Nyumba za shamba za masultani si za watalii peke yao

Likizo ya katikati ya mwaka ikikaribia, kundi letu la wazazi kwenye simu huanza swali lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Majibu yanajulikana kabla hayajaandikwa. Bustani ya Forodhani jioni. Pwani Jumapili. Mwenye nafasi apande boti na wanawe, waende Dar wakale baga na kupanda ngazi za umeme. Sijapata kumsikia mtu hapa Unguja akitaja Kidichi, penye hamamu ya sultani, yaani nyumba ya kuogea. Wala Maruhubi, penye magofu ya kasri, ijapokuwa nusu ya kundi hilo hupita hapo kila siku kwa daladala ya 502 wakienda au kutoka mjini, na wengine wamekaa upande wa dirishani.

Wanaokwenda ni wageni. Wametoka Ulaya, wamelipa, wameshushwa kwenye kivuli, wamepigwa picha wakinusa karafuu, wakarudishwa hotelini. Mtoto aliyezaliwa Mtoni Kidatu anaweza kumaliza kidato cha nne bila kujua kwamba karibu na kwao, kwa mwendo wa miguu tu, yapo mabaki ya kasri kongwe kuliko makasri yote ya kifalme ya Unguja. Akisoma habari zake, huzisoma kwa ajili ya mtihani.

Nasema tuwapeleke. Ila tusiwapeleke kama tunavyowapeleka makumbusho, kwa mstari na daftari. Tuwapeleke shamba. Majumba haya ya njia ya Bububu, au tuseme mengi yao, yalijengwa kwa kazi hiyo hiyo: wakubwa wachoke na joto la mji, watoke, wapate upepo na maji baridi na matunda. Ukilitazama jumba kwa jicho hilo, mtoto hahitaji kufafanuliwa sana, kwa sababu naye anajua kuchoka na joto.

Waingereza wamelijua jambo hili zamani. Majira yao ya joto yakifika, familia hufunga chakula, huenda kwenye nyumba za mabwana wa kale huko mashambani, hutandika shuka kwenye majani, watoto wakakimbia ukumbini na bustanini mpaka jua lizame. Nasi tumeunganika nao katika hili kuliko tunavyodhani. Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, alizuru Uingereza mwaka 1875, na inasemekana kuta ndefu zilizozunguka kasri lake la Maruhubi alizitamani huko, baada ya kuona kuta za mashamba ya matajiri wao. Kasri lenyewe lilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua 1899. Kilichobaki ni safu za nguzo nene zisizobeba kitu, birika za maji, na hamamu ambayo marumaru yake iling'olewa. Ukuta wa Kiingereza, hamamu ya Kiajemi, minazi ya kwetu. Mwanangu mdogo alipofika hapo hakuuliza habari za mfalme hata mmoja. Aliruka kutoka kivuli cha nguzo hii hadi cha nguzo ile, jua lisimguse, mpaka akahema. Namwacha. Ameshalielewa jumba.

Nisichokipenda Maruhubi ni hadithi kwamba Barghash aliweka hapo masuria tisini na tisa. Kila mtembeza wageni anayo, na huitoa kwa kicheko, na wageni hucheka. Ukiwa na binti wa miaka kumi na mmoja pembeni, hadithi hiyo haichekeshi. Ikibidi aisikie, basi aisikie yote: kwamba suria alikuwa mwanamke asiyeulizwa anataka nini, na kwamba hata baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba, masuria waliachwa nje ya amri hiyo kwa miaka mingine kadhaa. Binti ataelewa. Watoto wanaelewa dhulma haraka kuliko tarehe.

Mtoni ni kituo ninachokipenda zaidi, na sababu ni Bibi Salme. Alizaliwa hapo mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said, baba yake Barghash, na mama wa Kisirkasi, wa huko Kaukasi, aliyeitwa Jilfidan. Baadaye, mwaka 1866, aliondoka Unguja, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani aliyeitwa Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Watu wazima huhangaika na mapenzi yake. Watoto wangu hawana habari na mapenzi. Wanachotaka ni ule ua wa Mtoni anaousimulia, tausi, paa, mbuni na heroe wakizurura ovyo kati ya watu, na watoto wakiwakimbia. Anakisia watu wapatao elfu moja waliishi katika jumba lile. Ukisimama leo kwenye zile kuta zilizobaki, bahari iko pale, hesabu inakuwa ngumu: elfu moja walilala wapi?

Kuna kisa kimoja cha Salme ambacho nakithamini kuliko tausi wote. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma tu, kuandika ilikuwa kazi ya wavulana. Yeye akaiba elimu. Akachukua mfupa wa bega la ngamia, uliokuwa ukitumika kama ubao, akawa ananakili herufi za msahafu kwa siri mpaka akajua. Mwambie hivyo mtoto anayelalamika kwamba penseli yake imevunjika, halafu nyamaza, uone.

Salme huyo huyo ndiye shahidi wetu mzuri wa maisha ya shamba. Alipojiingiza katika njama ya Barghash dhidi ya Seyyid Majid, ndugu yao aliyekuwa sultani wakati huo, na njama ikavunjika mwaka 1859, mji ukawa mchungu kwake. Akahamia shamba, Kizimbani kwanza na baadaye Bububu, karibu na bahari. Anaandika habari za siku hizo kama mtu aliyetua mzigo. Hakuna fitina za kupanda na kushuka ngazi, mifugo ipo, maji yapo. Ukisoma unataka kuhama na wewe.

Lakini subiri kidogo kabla hujahama. Nani alikuwa akichota yale maji?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaopenda kusema "maisha ya zamani yalikuwa rahisi". Yalikuwa rahisi kwa nani? Shamba la Kizimbani lilikuwa la Saleh bin Haramil, anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta mikarafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, kabla Seyyid Said hajalichukua. Seyyid Said naye akaamuru mikarafuu ipandwe, mitatu kwa kila mnazi mmoja, na mikono iliyopanda na kuchuma ilikuwa ya watumwa waliotolewa bara. Kawaida ya mashamba mengi ilikuwa mtumwa amfanyie bwana wake kazi siku tano, Alhamisi na Ijumaa ashughulike na kijishamba chake mwenyewe, apande muhogo wake, ale. Kwa hiyo ule muhogo tunaousifu leo kwamba ndio chakula cha asili cha shamba, mtu mmoja aliulima katika siku zake mbili, baada ya tano za bwana wake.

Sisemi hivyo ili watoto wakose hamu ya kula. Wangu hula mpaka sahani ya jirani. Nasema kwa sababu ukiwapeleka Kidichi bila habari hiyo, utawaonesha dari tu.

Na dari yenyewe ni nzuri, nisiifiche. Hamamu ya Kidichi ilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, Shehrzad, mjukuu wa Shah. Kwa masimulizi ya Salme, mwanamke huyu alikuwa akipanda farasi, akienda kuwinda, akitumia fedha kama maji, na mwisho wake aliachwa akarejea kwao. Kwa nje hamamu ni jengo jeupe dogo la makuba, limekaa kwenye moja ya sehemu za juu kabisa za Unguja, wala halikuiti. Ukiingia, baridi inakushika kwanza, halafu giza, halafu mwanga unaoshuka kutoka matundu ya kwenye kuba. Macho yakizoea unaona plasta imefumwa maua na ndege, kila jani limekatwa kwa mkono, na unyevu umelipaka ukungu wa kijani. Ndege hao ni jambo la ajabu katika nyumba ya Waislamu wa kwetu. Ni mkono wa Kiajemi. Chini ya sakafu kulikuwa na moto wa kupasha maji. Binti yangu aliinama, akachungulia, akauliza moto ulikuwa unakokwa na nani na alikuwa akiingilia wapi. Nimesoma makala kadhaa za wasomi kuhusu hamamu ile, na sijui kama yupo aliyeanza na swali zuri kuliko hilo.

Kizimbani, mbele kidogo, iko hamamu nyingine ya Seyyid Said, tupu, haina ua wala ndege. Wengi huiruka. Mimi huitaka iwe ya pili mara tu baada ya Kidichi, maana watoto wenyewe huanza kulinganisha bila kuambiwa.

Baada ya hapo tunakwenda kula, na hatuli kwenye maduka ya barabarani ya kuuza sabuni za mdalasini. Tunakwenda kwa shangazi yangu, kijijini Dole. Shamba lake ni eka tatu, zile zile eka tatu walizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964. Alipewa baba yake, na baba yake alikuwa mchumaji karafuu kwenye mashamba ya watu. Mimi hapo huwa sina la kuongeza. Kutoka kwenye hamamu ya mke wa sultani hadi kwenye jamvi la shangazi ni safari ya dakika chache, na katikati yake mna historia yote ya Unguja.

Shangazi hana habari na historia. Ana habari na kazi. "Shikamoo" haijaitikiwa vizuri, mtoto ameshapewa mbuzi na nazi nusu. Mwanangu mkubwa, mtoto wa ghorofa, wa tui la paketi, alikaa kwenye mbuzi akakuna kwa nguvu zote mpaka akafika kwenye kifuu, nazi ikatoka na magamba ya kahawia. Shangazi akaichukua, akaitazama, akasema, "Baba, umetukunia na mkeka." Akampa nusu ya pili. Hakumwonesha namna, alimwambia asikilize, maana jino likikaribia kifuu mlio hubadilika. Ya pili ilitoka nyeupe. Muhogo ule wa nazi uliliwa na samaki ng'onda wa kuchoma, kisha machungwa, maana Julai machungwa yanaanguka yenyewe, na ikiwa ni mwaka wa karafuu watoto hupewa vikonyo vya kuchambua mpaka vidole vinanuka wiki nzima. Hakuna aliyeuliza kama kuna intaneti.

Kuna mzazi aliniambia haya yote ni mazito kwa watoto, utumwa, masuria, mapinduzi, wapumzike likizo yao. Namwelewa. Lakini wanangu walirudi wakiwa wamechoka kwa kucheza, na mambo mazito niliyosema hayazidi dakika kumi kwa siku nzima. Kilichobaki vichwani mwao ni nguzo, matundu ya mwanga, punda wa jirani wa shangazi, nazi. Mwingine aliniambia gharama. Kiingilio cha sehemu hizi kwa mwenyeji si kitu cha kukimbiza mtu. Chakula cha jioni moja Forodhani kwa watoto watatu kinakizidi.

Lalamiko langu mimi ni jingine, na nalielekeza kwa wote wanaohusika, kila mmoja ajichukulie fungu lake. Hizi sehemu zimepangwa kama kwamba mtoto wa hapa hatafika. Maelezo, yakiwepo, ni ya Kiingereza. Pa kukaa familia na sufuria yake hakuna. Choo usiulize. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hata huko, jumba la Beit al-Ajaib lilianguka upande mmoja mwezi Disemba 2020 sote tukitazama kwenye simu. Kuta za Mtoni hazina hata jina kubwa kama hilo la kuzilinda. Zinahitaji watu wanaozijua kwa miguu, watakaopiga kelele jiwe likiondoka.

Kwa atakayetaka kwenda: toka mapema, Maruhubi saa mbili na nusu, jua halijawa kali, kisha Mtoni. Kidichi ifike adhuhuri, kwa sababu jua likiwa kichwani ndipo mwanga wa kwenye makuba hushuka sawasawa. Chukua maji, viatu vya kufunga kwa watoto wanaopanda mawe, na nguo ya kubadilisha. Kama huna shangazi Dole, uliza. Sijaona Mzanzibari asiye na jamaa shamba, ila wapo wengi walioacha kwenda kuwaamkia. Na ukifika, usiende mikono mitupu. Sukari kilo mbili na majani ya chai vinatosha.