Chalbi ina wenyewe

Ukiitazama ramani ya Kenya, kati ya Mlima Marsabit na Ziwa Turkana utaona pengo. Hakuna mto wa kudumu, hakuna mji mkubwa, na barabara ni mistari michache ya vumbi. Hilo ndilo jangwa la Chalbi, na hapo ndipo wapangaji wengi wa maendeleo wamezoea kuona ardhi isiyo na mwenyewe. Mimi nasema wanakosea, na wanakosea kwa sababu hawajajifunza jiografia ya mahali penyewe.

Tuanze na maumbile. Chalbi ni bonde tambarare lisilofika mita 400 juu ya usawa wa bahari, na limezungukwa na miinuko. Upande wa kusini-magharibi kuna Mlima Kulal wenye zaidi ya mita 2,200, kusini-mashariki Marsabit wenye msitu wa ukungu, na kaskazini-mashariki vilima vya Huri. Yapata miaka 10,000 iliyopita, Afrika hii yetu ilipokuwa na mvua nyingi kuliko leo, bonde hilo lilikuwa ziwa. Lilikauka, likaacha udongo wa mfinyanzi na chumvi. Ukitembea juu yake wakati wa kiangazi, tabaka jeupe linavunjika chini ya nyayo, na chini yake unakuta udongo wa kijivu ambao bado una unyevunyevu. Ardhi imepasuka vipande vipande vyenye pembe, na chumvi imejipanga kwenye kingo za kila ufa. Mvua kubwa zikinyesha, ziwa linarudi kwa muda. Lori lililokuwa likikimbia popote dereva atakapo linazama hadi ekseli, na watu wa North Horr, mji mdogo ukingoni mwa jangwa, wanaweza kukaa siku nyingi bila unga wala dawa kutoka Marsabit.

Kwa nini pakavu hivyo, hali Bahari ya Hindi haiko mbali sana? Jawabu ni upepo. Hewa inayotoka kusini-mashariki hubanwa katika uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Ikibanwa huongeza kasi, hupita chini chini, na huondoka na unyevu wake bila kupanda juu vya kutosha kufanya mawingu ya mvua. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Chalbi haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka wa kawaida, ingawa ukungu wa Marsabit unaonekana kwa mbali.

Lakini maji yapo, na hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mvua inayonyesha milimani hupenya kwenye mawe meusi ya volkano, husafiri chini kwa chini, kisha hukutana na ule udongo wa ziwa la kale usiopitisha maji. Ikikosa njia, inatokeza juu. Kwa hiyo ukingoni mwa jangwa kuna chemchemi na visima: Kalacha yenye mikoma yake, Maikona, North Horr. Makazi hayo hayakuwekwa pale kwa bahati. Yanafuata mstari ambapo mawe meusi yanakutana na udongo mweupe.

Wafugaji wa hapa, yaani Wagabra, na Warendille walio upande wa kusini, wameujenga uchumi wao wote juu ya mstari huo. Mbuzi na kondoo hawawezi kukaa mbali na kisima, ngamia anaweza kukaa wiki nzima na zaidi bila kunywa. Basi mifugo hugawanywa. Vijana huenda na ngamia malisho ya mbali, wazee, akina mama na watoto hubaki karibu na maji pamoja na wanyama wa maziwa. Vilima vya Huri vina nyasi nzuri ajabu baada ya mvua lakini havina maji ya kudumu, kwa hiyo havifai kiangazi na ni hazina msimu wa mvua. Hata chumvi yenyewe ina kazi, maana ngamia asipopata chumvi hudhoofika, na huletwa makusudi kwenye maji na udongo wa magadi. Kuhama kunapofika, akina mama hung'oa nyumba, wakafunga fito na mikeka juu ya ngamia, na kijiji kizima kikaondoka asubuhi moja.

Sasa mwambie mgeni aje siku ambayo kijiji kimeondoka. Ataona nini? Mawe yaliyopangwa duara, samadi kavu, na upeo wa macho. Atarudi Nairobi aandike kwamba eneo halina watu. Nyasi zinazopumzishwa hazionyeshi kwamba zinapumzishwa.

Fikra hiyo ina historia. Wakoloni waliifanya kaskazini kuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye rutuba, mvua na njia za usafiri. Chalbi haikuwa na hata kimoja kwenye vipimo hivyo. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru, na inapita mashariki ya jangwa tu.

Halafu upepo uleule uliolikausha bonde ukawa mali. Kusini ya Chalbi, karibu na Loiyangalani, imejengwa mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310, ikazinduliwa rasmi 2019. Siupingi umeme safi, nchi inauhitaji. Kinachoniuma ni ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Umeme wenyewe unasafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, katika Kaunti ya Narok.

Kesi hiyo inapaswa kuwashtua walio Kalacha na Maikona pia, kwa sababu upepo na jua havikuishia Loiyangalani. Tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 63 inaitambua ardhi ya malisho kuwa mali ya jamii. Usajili ndio unaokwenda kwa mwendo wa kobe. Na unapofanyika, kuna hatari nyingine: kupima kijiji na kisima, kisha kuyaacha nje malisho ya mbali kwa sababu siku ya kupima hapakuwa na mtu.

Ningeomba wapima ardhi wa Kaunti ya Marsabit waje mara mbili, kiangazi na baada ya mvua, waongozane na wazee wanaojua zamu za visima na vijana wanaochunga. Waandike njia za ngamia kutoka Huri hadi Chalbi, na sehemu za chumvi, na malisho ya akiba, kila kimoja na msimu wake, kabla mwekezaji mwingine hajafika na ramani yake.