Unamficha nani?

Saa kumi na mbili asubuhi, Leipzig bado giza, simu yangu ikalia. WhatsApp, namba ya Kenya nisiyoijua. Sikuipokea. Simu ya alfajiri kutoka nyumbani huwa ni ya msiba, na ya msiba hupigwa na mtu unayemjua. Dakika mbili baadaye ujumbe ukaingia: mwambie ndugu yako alipe shilingi 3,000 alizokopa, la sivyo kila mtu aliye kwenye simu yake atajulishwa kwamba ni mwizi.

Ndugu mwenyewe ni binamu yangu wa Mamboleo, mtu wa boda. Pikipiki ilikuwa imeharibika, akapakua apu ya mikopo, apu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, akabonyeza ndiyo. Mimi nilikuwa chini ya herufi B, "Bro Ujerumani", na kwa jina hilo nikawa mdhamini bila kuulizwa.

Kilichonichekesha, nikiwa nimesimama jikoni na kikombe cha chai, ni yale maandishi madogo juu ya tisho lile: kwamba mazungumzo haya yamefumbwa mwisho hadi mwisho na hakuna mtu wa nje awezaye kuyasoma. Na ni kweli. Tangu Aprili 2016 WhatsApp hufumba kila ujumbe kwa hesabu zilezile zinazotumiwa na Signal, apu ya ujumbe inayosifika kwa kulinda siri. Wazee walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Tangu Diffie na Hellman, wataalamu wa kufumba ujumbe, watoe karatasi yao mwaka 1976, methali hiyo imepata mushkili: siku hizi kuna mafumbo ambayo mwerevu anayaangalia, anayazungusha, na anayaacha palepale. Matusi ya mdai yalisafiri bara hadi bara yakiwa yamefungwa kwa kufuli hiyo bora kabisa. Kilichovuja kilikuwa kimeshavuja kabla ya kufuli.

Mimi huandika programu, ndiyo kazi iliyonileta huku mwaka 2017, na tangu asubuhi ile nimekuwa nikibishana na wenzangu wa pande zote mbili. Wajerumani ninaofanya nao kazi husema Wakenya hatujali siri zetu. Rafiki zangu wa Kisumu husema Wajerumani wana wazimu wa siri. Naona wote wamekosea. Kila mmoja ana siri zake na anazilinda kwa bidii. Ila wanayemficha si mtu yuleyule.

Mjerumani wa mji huu anaificha serikali, na baada ya serikali, kampuni. Ana sababu. Katikati ya Leipzig kuna jengo linaloitwa Runde Ecke, yaani kona ya mviringo, lililokuwa makao ya mkoa huu ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, hadi wananchi walipoliingia tarehe 4 Desemba 1989. Leo ni makumbusho. Nilipolitembelea niliona mitambo ya kufungua barua za watu kwa mvuke na kuzigandisha tena, mwenyewe asijue. Faili zilizobaki za Stasi nchi nzima, ukizipanga kwenye rafu, ni kilomita 111, karibu sawa na kutoka Kisumu hadi Busia. Hebu waza upo ndani ya matatu, unapita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, na kando ya barabara njia nzima ni karatasi zinazosema nani alikula kwa nani. Jirani yangu wa chini, bibi wa miaka sabini na kitu, alikwenda kusoma faili lake watu waliporuhusiwa mwaka 1992. Hakuniambia ni nani aliyemchongea, na sikuuliza. Lakini mkate hununua kwa pesa taslimu mpaka leo.

Basi nikielewa hilo, sishangai kwamba Google ilipoleta picha za mitaa hapa mwaka 2010, kaya kama 244,000 ziliandika kutaka nyumba zao zifunikwe ukungu. Ninachoshangaa ni yale wasiyoyaona. Jina langu la ukoo lipo kwenye kengele ya mlango, barabarani, kila mpita njia alisome, na nikilitoa barua hazifiki. Nilipohamia nilikuwa na siku 14 za kwenda ofisini kusajili anwani, na karani akaniuliza dini. Nikajibu Mkatoliki, kwa fahari ya mtoto aliyelelewa parokiani. Kumbe nimejiandikisha kodi ya kanisa! Hapa Saxony ni 9% ya kodi ya mapato, inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona. Kwetu padri hupitisha kikapu; huku kikapu hupitia idara ya kodi. Mama nilipomweleza alisema hilo angalau ni jambo la maana wamelifanya.

Mama sasa. Mama yangu haifichi serikali kitu. Chifu anamjua, kitambulisho chake kimetolewa kopi mara nyingi kuliko picha yoyote ya ukoo wetu. Anaowaficha ni mashemeji, majirani, wanachama wawili wa chama chake ambao sitawataja, na mzee wangu alipokuwa hai. Aliuza omena Kibuye miaka mingi, na kabla ya Machi 2007 pesa yake ilikuwa mali ya yeyote aliyeiona. Ukimtumia kwa kondakta wa basi, imefungwa ndani ya gazeti, mtaa mzima ulijua imefika kabla yeye hajaifungua. Ukituma kwa posta, anayesoma barua ni mtoto wa jirani. M-Pesa ilipokuja, kampuni ya simu ikaanza kujua kila shilingi aliyonayo, na hilo halikumkosesha usingizi hata usiku mmoja. Kilichomfurahisha ni kwamba shemeji hajui tena. Ukimwambia mama yangu kwamba M-Pesa ilimnyang'anya faragha, atakutazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Na mbinu anazo. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, ya laini mbili. Laini ya kwanza ni ya watu, ya pili ni ya pesa. Nikikosea nikatuma kwenye ya kwanza hunipigia akilalamika: "Baba, si nilikuambia utume kwa ile ingine? Hii iko na Fuliza, imekula yote." Fuliza ni mkopo wa M-Pesa, hujilipa wenyewe pesa ikiingia. Majina ameyahifadhi kwa namna yake, mwekahazina wa chama ni "Fundi Choo". Na akimwonyesha mwenye duka ule ujumbe wa kuthibitisha malipo, kidole gumba kinatua chenyewe juu ya sehemu inayotaja salio. Nimeona watu wengi Kondele wakifanya hivyo, wazee kwa vijana, bila kufundishwa na mtu. Aliyebuni ujumbe ule, uliotaja salio la mtu mbele ya muuza mboga, hakuwa amesimama kwenye duka lolote.

Simsemi vibaya, maana mimi nilifanya zaidi. Mwaka 2014, kabla sijaja huku, nilitengenezea sacco moja ya mji wetu mfumo wa wanachama. Fomu yangu ilikuwa na maswali 23: jina la mama, kabila, kata, jina la chifu. Kwa nini kabila? Sijui. Fomu ya karatasi ilikuwa nalo, nikalihamisha. Mbaya zaidi, nywila za watu nilizihifadhi kama zilivyoandikwa. Usiku mmoja nafungua jedwali kutafuta kosa, nakutana na siri za watu wazima zimepangwa kama omena juani: gormahia, gormahia, gormahia1, majina ya watoto, 1234, kisha peke yake katikati ya K'Ogalo wote hao, mashabiki wa Gor Mahia, "ingwe", jina la mahasimu wao AFC Leopards. Nilimjua mwenyewe. Sikuweza kumtazama vilevile tena.

Nywila haistahili kuwekwa, inastahili kusagwa. Ukipeleka mahindi kwenye posho unarudi na unga, na hakuna mashine Kibuye nzima inayogeuza unga uwe mahindi. Mfumo mzuri huweka unga peke yake. Ukirudi kesho na nywila yako, inasagwa upya, unga unalinganishwa na unga. Kwa kuwa nywila mbili zinazofanana zingetoa unga mmoja, na mwizi akijua unga wa gormahia amewajua mashabiki wote kwa mpigo, kila mtu hutiliwa chembe yake tofauti kabla ya kusaga. Wataalamu huiita chumvi, nami kila nikieleza hili kwa mtu wa kwetu lazima nitulie kwanza ajiridhishe kwamba hapa hatuzungumzii ugali. Kinu kiitwacho bcrypt, kilichotengenezwa makusudi kisage polepole ili mwizi achoke, kipo tangu 1999. Sikuwa na kisingizio.

Wiki yangu ya kwanza kazini hapa, mwenzangu mmoja aliuliza kwa nini fomu yetu inataka tarehe ya kuzaliwa. Tukabishana dakika arobaini. Mimi nilikuwa naangalia saa, nikiwaza hawa watu hawana kazi. Mwisho swali likafutwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema linasaidia nini. Ile sheria yao ya data iliyoanza kutumika 25 Mei 2018 inadai hivyo: usikusanye usichohitaji. Siku ile nilikumbuka kabila la wanachama wa sacco, na uso ukanichoma.

Kwetu sheria ipo pia, na si ya mapambo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza baa moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Huduma Namba, ile namba moja ya serikali kwa kila mtu, nayo ilizuiwa mahakamani, Januari 2020 na tena Oktoba 2021. Mmoja wa walioipeleka huko mwanzoni ni Nubian Rights Forum, yaani Wanubi, ambao kupata kitambulisho tu kumewasumbua vizazi na vizazi. Hofu yao ilikuwa kuachwa nje ya mfumo. Mjerumani angekuwa na hofu ya kuwa ndani.

Ila ingia saiba yoyote Kondele, yaani duka la intaneti. Kijana wa pale ana daftari la shule lenye nywila za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na za KRA, mamlaka ya kodi, za watu wa mtaa mzima, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwenzangu wa Leipzig nikimsimulia hushika kichwa. Mimi simlaumu kijana wala wateja wake. Walioandika mfumo walidhani kila Mkenya ana barua pepe yake, simu yake ya maana na nusu saa ya utulivu. Mtu asiye na hivyo atafanya nini? Atamtafuta mtu. Kama tungekuwa tunaandika programu kwa watu waliopo, tungempa mama njia ya kumkabidhi kijana kazi moja ya siku moja, bila kumkabidhi ufunguo wa nyumba. Hilo si gumu kiufundi. Ni kwamba hakuna aliyeagiza.

Nilidhani nimeshapanga vizuri: wao serikali, sisi mashemeji. Kisha ikaja Juni 2024, maandamano ya Mswada wa Fedha, Kisumu nayo ikiwa barabarani, na mpwa wangu anayesoma Maseno akaniandikia saa saba usiku: "Mjomba, Signal iko salama?" Mtoto wa miaka ishirini akauliza swali la bibi wa chini. Nikamwambia iko salama kuliko nyingine, na tangu mwaka huo unaweza kutumia jina badala ya kuonyesha namba yako. Nikamwambia pia barua ikifungwa, bahasha yenyewe bado inasomeka: simu yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na mnara unajua yuko karibu. Alijibu "sawa" tu. Nilikaa macho hadi asubuhi nikisubiri zile alama za bluu.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani, nikampeleka mama kumwona rafiki yake anayeishi kwenye nyumba za geti, Milimani. Askari akatoa kile kitabu kikubwa kilichochanika kona: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unaenda wapi. Juu ya mstari wetu palikuwa na namba za wageni wote wa siku ile, pamoja na msichana fulani wa nyumba namba nne ambaye kama angependa kujua nani atamtumia "mambo" usiku ule, jibu lilikuwa limeketi pale kwenye kiti cha plastiki. Nikaanza kumweleza askari habari za sheria ya data. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa, bosi, lakini andika."

Mama alikuwa ameshachukua kalamu. Akaandika jina lake, kitambulisho, kisha namba ya simu ambayo sijawahi kuiona.

"Mama, hiyo ni namba ya nani?"

"Yangu."

"Mbona mimi sina?"

"Wewe si uko na ile ya kunitumia pesa?" akasema, akafunga kitabu, akaingia ndani.