Maji ya Mlonge Yakiwa Meupe, Bado Si ya Kunywa

Masika yakishika, mito ya Ruvu na Wami inageuka uji wa udongo, na hapa Bagamoyo maneno ni yaleyale: maji tia unga wa mbegu za mlonge, yakitulia kunywa. Hilo "yakitulia kunywa" linaniudhi mno, maana anayeharishwa nalo ni mtoto.

Mlonge wenyewe haudanganyi. Protini za mbegu yake zina chaji chanya, chembe za udongo zina hasi. Zikikutana zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Vijidudu vingi vinazama humohumo, pengine zaidi ya asilimia 90. Vinavyobaki, lakini, vimeachiwa chakula, kwani mbegu inaacha mabaki yake majini. Maji meupe ya leo, kesho yananuka. Chemsheni, jamani, au tieni dawa ya klorini, siku ileile! Klorini nayo inafanya kazi vizuri zaidi tope likishatoka.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Chuma maganda yaliyokaukia mtini, mabichi hayafai. Menya mbegu mpaka kiini cheupe, tupa kilichobadilika rangi, wala usikaange. Ndoo ya lita 20 yenye ukungu wa wastani inataka viini kama 10. Tope likizidi, 20. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, hata 40. Twanga, chekecha, koroga unga kwenye kikombe cha maji safi dakika 5, chuja kwa kitambaa safi, mimina ndooni. Koroga haraka dakika moja, kisha polepole, dakika 5 hadi 10. Wengi wanaharibia hapo: wanazidi kukoroga kwa nguvu, mabonge yanavunjika, hayazami tena. Funika, acha saa moja au mbili bila kuigusa ndoo, halafu teka ya juu kwa kata. Ukiinamisha ndoo, tope lote linaamka.

Kuongeza mbegu kupita kiasi hakusaidii, ukungu unarudi. Maji ya jana uliyokorogea unga wa mbegu yamwage, twanga mbegu nyingine.

Na shabu, ile ya dukani ya kuzamisha tope? Haya, ni nyepesi kupima, nakubali. Ila inanunuliwa, na mlonge uko uani. Na chumvi ya visima vya pwani haitolewi na chochote kati ya hivyo viwili.

Wanaouza unga wa mlonge kwenye pakiti waandike tarehe uliyotwangwa, na chini yake, kwa herufi kubwa: CHEMSHA KABLA YA KUNYWA.