Goodwood: Umfuate farasi bora, au uifuate bei?

Jumatano ya tarehe 30 Julai 2025, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Goodwood, juu ya vilima vya Sussex kusini mwa Uingereza, farasi aliyeletwa kumfanyia kazi mwenzake alimaliza wa kwanza. Jina lake Qirat. Wamiliki wake, Juddmonte, walimwingiza kwenye Sussex Stakes aweke kasi mbele, ili Field of Gold, nyota wao aliyekwisha kushinda mbio kubwa za Irish 2,000 Guineas na St James's Palace Stakes mwaka huohuo, apate mbio za kumfaa. Field of Gold alipewa bei ya 1/3, ambayo kwenye mkeka wa mpira ungeisoma 1.33. Qirat alikuwa 150/1, yaani 151.00. Wapandaji waliokuwa nyuma walimwacha aende. Farasi mwingine, Rosallion, alimkimbilia mwishoni akakosa kwa tofauti ndogo, na Field of Gold akamaliza wa nne.

Kisa cha namna hii Waafrika Mashariki tumekwisha kukiona kwa binadamu. Mwaka 2000 Simon Biwott wa Kenya alikodishwa kuweka kasi kwenye marathoni ya Berlin, akaendelea kukimbia baada ya kazi yake kwisha, na akashinda.

Ushindi wa Qirat umezipa nguvu kambi zote mbili za wanaochagua farasi kwa wiki ya Goodwood, zile siku tano za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ambazo Waingereza huziita Glorious Goodwood. Kambi ya kwanza inasema mshike farasi bora, mengine ni bahati, na bahati haina hesabu. Ya pili inasema bei ndiyo ya kutazamwa, kwa kuwa farasi bora akiuzwa ghali mno, yaani malipo yake yakiwa madogo mno, ni biashara mbaya hata akishinda. Mimi nimeelemea ya pili, lakini si kwa kila mbio, na sababu kubwa ya kutofautisha ni uwanja wenyewe.

Tuanze na hoja ya kambi ya kwanza, kwa kuwa ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Katika mbio za majani zisizo na viunzi vya kuruka Uingereza, farasi anayepewa nafasi kubwa zaidi hushinda karibu mbio moja katika kila tatu. Hakuna njia nyingine rahisi ya kuchagua inayofikia hapo. Tena wale wanaofikiri kwamba bei kubwa ndiyo siri ya utajiri wanapingwa na ushahidi wa muda mrefu. Tangu utafiti wa Richard Griffith huko Marekani, uliochapishwa 1949, watafiti wameona mara nyingi kwamba watu huwawekea fedha nyingi kupita kiasi farasi wasio na nafasi, kwa sababu ndoto ya 100/1 ni tamu. Ukiwachukua farasi wote wa bei kubwa kwa msimu mzima, utapoteza sehemu kubwa zaidi ya dau lako kuliko aliyewafuata wanaopewa nafasi. Wote wawili watapoteza. Huyu wa bei kubwa atafilisika mapema.

Na nyota wapo kweli. Mwaka 2011 Frankel alikutana na Canford Cliffs kwenye Sussex Stakes hiihii. Canford Cliffs alikuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, farasi mkubwa kwa umri na mzoefu, na wengi waliona mizani iko sawa. Frankel aliongoza tangu mwanzo na kushinda kwa urefu wa farasi watano. Alimaliza maisha yake ya mbio bila kushindwa, mara 14 kwa 14. Aliyesema siku ile kwamba hesabu za bei zisimsumbue, anamwona farasi bora kwa macho yake, alikuwa sahihi.

Sasa tazama kilichofuata. Frankel aliporudi Goodwood 2012, bei yake ilikuwa 1/20. Ili upate faida ya shilingi 1,000 ilikubidi uweke 20,000. Alishinda kama ilivyotarajiwa, na waliomwekea fedha walipata pesa ya nauli. Hapa ndipo kambi ya pili inapoanza kusikika. Bei ya 1/3 ya Field of Gold inadai kwamba farasi ana nafasi 75 kwa 100. Ukiweka 3,000 akashinda, unapata 1,000 juu ya dau lako. Akishindwa mara moja, faida ya ushindi mara tatu imeondoka. Kwa hiyo, kabla ya kumchukua ilikupasa uamini kwamba katika mbio nne za aina ile angeshinda zaidi ya tatu. Kwenye uwanja wenye mteremko, dhidi ya farasi wakubwa kwa umri, na mmoja wao akiachiwa kwenda mbele peke yake? Sioni ni nani angeapa hivyo kwa utulivu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mkeka wa mpira wanalijua bila kulipa jina. Kampuni ya kubeti haiuzi bei za haki. Chukua mbio za farasi sita walio sawa kabisa. Kila mmoja ana nafasi moja kwa sita, kwa hiyo bei ya haki ni 5/1. Kampuni itakupa 4/1. Ukigeuza hizo bei kuwa asilimia, kila farasi anakuwa 20, na sita wanafanya 120. Ile 20 iliyozidi ndiyo chakula cha kampuni. Basi anayechagua farasi hashindani na farasi wengine tu, anashindana pia na ile ishirini. Farasi bora kwa bei inayotolewa anaweza kuwa chaguo baya, na farasi wa tatu kwa ubora, kama watu wamemsahau, akawa chaguo zuri. Hoja hii siwezi kuipinga. Ninachopinga ni jinsi inavyotumiwa na watu wanaoona bei kubwa wakaiita thamani bila kuuliza kwa nini ni kubwa.

Jibu la kwa nini, pale Goodwood, mara nyingi limo ardhini. Mbio zilianza pale 1802 kwenye shamba la makabaila wa Richmond, juu ya mgongo wa vilima vya chokaa. Uwanja hauko sawa hata kidogo. Mbio za mita 1,600 zinakata kona kwa mkono wa kulia, kisha farasi wanashuka huku ardhi ikiwa imeinama upande. Zile za mita 1,200 zinaanza na mwinuko mfupi halafu sehemu kubwa ni mteremko. Farasi mwenye hatua ndefu, yule anayependeza kwenye uwanja mpana wa Ascot, huku anaweza kupoteza mizani na kuyumba katika mita 400 za mwisho. Farasi mfupi mwenye miguu myepesi anapita.

Ndiyo maana majina yanajirudia. Battaash, farasi wa Sheikh Hamdan Al Maktoum wa Dubai, alishinda King George Stakes ya mita 1,000 mara nne mfululizo, 2017 hadi 2020. Katika miaka hiyohiyo minne Stradivarius alichukua Goodwood Cup ya mita 3,200 mara nne. Kabla yao Double Trigger aliichukua 1995, 1997 na 1998. Huyo Double Trigger alifundishwa na Mark Johnston wa Middleham, mkufunzi ambaye farasi wake walijulikana kwa kwenda mbele na kukataa kupitwa. Tabia hiyo ina faida kubwa Goodwood: farasi aliye mbele kwenye kona anachagua njia yake, aliye nyuma kwenye uzio wa ndani anafungiwa na wenzake, na mlango unapofunguka mbio zimekwisha. Mwaka 2023 Quickthorn aliongoza Goodwood Cup tangu mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa nyuma walitazamana nani aanze kumfuata. Miaka miwili baadaye Qirat naye akaachiwa njia.

Kwa hiyo mimi nikitazama orodha ya farasi wa wiki ile, swali langu la kwanza ni je, ameshawahi kukimbia hapa, na alishukaje. Matokeo peke yake hayatoshi. Farasi aliyemaliza wa tano akiwa amefungiwa kwenye uzio hakushindwa na uwanja. Aliyemaliza wa tatu huku akiyumba kulia na kushoto ameonyesha kwamba mteremko unamsumbua, na mwakani utamsumbua tena. Video za mbio zinapatikana. Dakika mbili za kutazama zina faida kuliko kurasa za maoni.

Swali la pili ni namba ya kizimba cha kuanzia. Katika mbio za kona zenye farasi wengi, namba ndogo ziko karibu na ndani, na aliyepewa namba 18 katika mita 1,600 atazunguka nje au atalazimika kurudi nyuma. La tatu ni hali ya majani. Chokaa iliyo chini hunyonya maji haraka, lakini mvua ikiendelea wiki nzima, kama 2023 ilivyonyesha, mbio hugeuka kabisa, na farasi wa majani makavu uliyemchagua Jumapili anakuwa si chaguo tena Jumatano. Anayejaza mkeka wa siku tano siku tatu kabla anapoteza habari muhimu kuliko zote.

Hoja hii ya uwanja, nakiri, inasaidia kambi zote mbili. Battaash alipofika mwaka wa tatu na wa nne kila mtu alijua anaupenda uwanja ule, na bei ikashuka ipasavyo. Habari ambayo wote wanayo haina thamani tena sokoni. Thamani hubaki kwa farasi wa daraja la kati ambao magazeti hayawaandiki.

Na hao hukutana kwenye mbio za handikapu, ambapo afisa wa uzito humpa farasi mwenye rekodi bora mzigo mkubwa na dhaifu mzigo mdogo, ili kwa nadharia wote wafike mstarini pamoja. Kubwa kuliko zote ni Stewards' Cup ya Jumamosi, iliyoanza 1840: farasi hadi 28, mita 1,200, mteremko. Huku kambi ya farasi bora haina la kusema, kwa kuwa ubora umekwisha kutozwa kwa uzito. Mara nyingi kundi hugawanyika, wengine upande mmoja wa uwanja na wengine upande wa pili, na ukiwa umechagua farasi mzuri upande usio na kasi umepoteza kabla hajafika katikati. Wapo wanaosema mbio hizi ni bahati nasibu, waachiwe watalii. Siwalaumu, ila nadhani wamekosea kidogo. Pale ambapo farasi 28 wana bei, kampuni haiwezi kuwa sahihi kwa wote, na yupo mmoja au wawili waliopewa 25/1 ilhali wanastahili 16/1.

Namna ya kumchukua farasi huyo ni kugawa dau: nusu ashinde, nusu amalize ndani ya nafasi za mwanzo. Kwa handikapu za farasi 16 na zaidi, kawaida ni nafasi nne kwa robo ya bei. Weka 1,000 kwa farasi wa 20/1, yaani 500 na 500. Akimaliza wa tatu, nusu ya kwanza imepotea, ya pili inalipwa 5/1, na unarudishiwa 3,000. Kampuni nyingi huongeza nafasi kwenye Stewards' Cup hadi sita au saba. Ni vizuri, ila soma sehemu ya bei wanayolipa, maana robo mara nyingi hugeuka moja ya tano.

Nimeandika kuhusu fedha kana kwamba kila msomaji anabeti. Wengi hawabeti, na kwa Waislamu kamari ni haramu ingawa kushindanisha farasi kwenyewe kunaruhusiwa. Inanigusa kwamba mdhamini mkuu wa wiki hii tangu 2015 ni Qatar, nchi ambayo kwake kamari imekatazwa. Kuna familia za Ghuba zilizotumia mali nyingi kwa mapenzi ya farasi peke yake. Mtu anaweza kuchagua farasi wake kwa kina kilekile, akaandika majina kwenye daftari, na asiweke hata senti. Naona vijana wetu Nairobi na Dar es Salaam wakibeti kwa simu mbio za Uingereza wasizozijua, kwa kuwa tu mpira umesimama msimu wa joto, na roho inaniuma. Kama hujui Goodwood ina mteremko, pesa yako ya chakula haina kazi pale.

Kwa anayebeti, uamuzi mkubwa wa wiki ni mbio zipi aziache. Kila siku kuna saba hivi. Mimi ningeacha mbio za farasi wa miaka miwili ambao wengi wao hawajawahi kuuona mteremko, na ningeacha kila mbio ambayo farasi bora ana bei chini ya 1/2. Hiyo ya pili watu wa kambi ya kwanza huiona kiburi. Wanauliza, utamwacha mshindi mbele ya macho yako? Ndiyo, nitamtazama akishinda na nitafurahi.

Kwa njia hii nisingemchagua Qirat. Hakuna kitu katika rekodi yake kilichoniambia ana zaidi ya nafasi moja kwa 151, na sitajifanya sasa kwamba nilikiona. Field of Gold ningemwacha kwa sababu ya bei. Angebaki Rosallion, aliyekuwa ametoka kwenye mbio za Royal Ascot akiwa wa pili kwa tofauti ya pua tu nyuma ya Docklands katika Queen Anne Stakes, farasi wa daraja la juu ambaye siku ile macho yote yalikuwa kwa mwingine. Nusu ya dau kwa ushindi ingepotea katika hatua chache za mwisho, na nusu ya nafasi ingelipa.