Kabla hujamuuliza kuhusu mumewe, muulize alichota maji wapi

Jumapili wifi yangu alirudi kwao na sanduku moja na karatasi ya zahanati. Karatasi hiyo ndiyo iliyomwondoa. Imeandikwa magonjwa ya zinaa, mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja, na kaka yangu aliisoma kama hukumu. Kwenye vikao viwili vya familia nilinyamaza, maana kaka ni damu yangu. Leo sinyamazi.

Mara zote tatu alieleza yaleyale: anatokwa uchafu, tumbo la chini linauma, na akishakutana na mumewe anatoka damu. Mara zote tatu hakupandishwa kitandani kuangaliwa. Alipewa dozi, akaambiwa, "Mama, mlete na mwenzio." Kaka akaenda, akameza dozi yake mpaka kidonge cha mwisho. Wifi hakupona.

Hakuna aliyemuuliza alikulia wapi. Ni mtoto wa Misungwi huyu, wilaya ya mkoa wetu wa Mwanza. Mpaka anaolewa alichota maji lamboni, akafua humohumo, akapandikiza mpunga kwenye majaruba, maji yakimfika magotini. Maji ya namna hiyo ndiyo yanayoleta kichocho, ugonjwa wa minyoo. Sisi wa pwani ya Ziwa Victoria tunakijua zaidi kichocho cha tumbo. Kile cha mkojo kipo huko bara, kwenye malambo na mashamba ya mpunga yenye konokono wake, na mayai ya mnyoo huyo hayaishii kwenye kibofu. Kwa mwanamke yananasa ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yanaacha mabaka yenye chembechembe kama mchanga, na mabaka hayo yakiguswa yanavuja damu. Anayesikiliza dalili bila kuangalia ataandika gono au klamidia. Doxy, dawa ya bakteria, haiui mnyoo wa kichocho, hata ukiirudia mara kumi.

Kutibu kwa dalili hakukuletwa na uvivu, hilo nalikubali. Ni vijijini mwa mkoa huuhuu wa Mwanza, kati ya 1991 na 1994, ambako kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Mwanaume anayetokwa usaha atibiwe siku hiyohiyo. Mwenye kidonda sehemu za siri naye asirudishwe nyumbani kusubiri maabara. Mjamzito apimwe kaswende na achomwe sindano yake ya penisilini, kwa sababu kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni.

Lakini uchafu wa ukeni si usaha wa mwanaume. Mara nyingi si gono wala klamidia, na ukiuandikia zinaa bila kuangalia, unapeleka ugomvi kwenye nyumba ya watu. Mkojo nao usikudanganye: unaweza kutoka safi na mayai yakawa yamejaa kwenye kizazi.

Ndugu zangu matabibu na manesi wa Misungwi, Magu na Kwimba, swali ni moja tu: "Dada, ulipokuwa mdogo mlikuwa mnachota na kuoga maji ya wapi?" Halafu mpandishe kitandani umwangalie. Vidonge vya kichocho, praziquantel, tunawapa watoto shuleni kila kampeni inapokuja, mama zao tunawapita mlangoni. Dozi ni ya siku moja, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Na zinaa bado atibiwe kama ipo, anaweza kuwa na vyote viwili.

Juzi nilimpeleka wifi kwenye hospitali nyingine. Daktari, mama wa makamo, alimwangalia taratibu, akaniita nisogee, wifi akaridhia. Niliyaona mabaka yenyewe, ya manjano, yametapakaa kama mchanga uliomwagika. Daktari alituambia minyoo itakufa, ila mabaka ya siku nyingi huenda yasiishe yote.

Tukiwa kwenye daladala kurudi, wifi alikuwa ameshika pakiti ya vidonge mapajani. Tulikwenda kimya mpaka karibu tunashuka, ndipo akaniuliza, "Kwa hiyo, wifi, mimi sikukosa kitu?"