Eti Elfu Nane kwa Kiholda cha Funguo!

Kuna vitu viwili mtu wa Tanga hanunui hata umshikie panga, kalamu na kiholda cha funguo. Kalamu inaazimwa mahali halafu inasahau kwao. Kiholda unapewa bure, kwenye ufunguzi wa duka, kwenye kampeni, kwenye semina ya siku mbili ambayo kila mtu kaenda kwa ajili ya posho, kile cha plastiki chenye namba ya simu ambayo haipatikani. Ndo maana Ijumaa tukitoka msikitini unakuta wanaume wazima na kanzu zao wamesimama juani kila mmoja anakagua ufunguo wa mwenzie, maana vyote vyekundu, vyote vya duka lile lile, na duka lenyewe lishafungwa.

Sasa mie nina skuta, na kiholda cha ufunguo wake nimekitoa shilingi elfu nane, watu wananisema. Najua washaanza kucheka, Tanga mji wa baiskeli, na vijana wa boda wakiiona skuta wanaita pikipiki ya mama mkwe. Semeni tu. Mie navaa kanzu, na mwenye kanzu hawezi kurusha mguu juu ya tangi la boda mbele ya watu wazima akabaki na heshima yake. Ile Vespa ya kwanza ya Italia mwaka 1946 aliichora injinia wa helikopta, Corradino D'Ascanio, na yule bwana pikipiki alikuwa hazipendi kabisa, anaona zinachafua nguo, ndo akaifunika injini, akaweka ubao mbele ya miguu, akaacha nafasi mtu apitishe mguu kistaarabu bila kuruka. Ngamiani yetu hapa Tanga alikuwa haijui, ila sie watu wa kanzu na baibui katufikiria kuliko ndugu zetu wa damu.

Tatizo ni tundu la ufunguo. Kwenye skuta nyingi liko pale pale kwenye ule ubao wa mbele, usawa wa goti, kwa hiyo chochote ulichoning'iniza kinacheza na kugonga bodi toka nyumbani mpaka unakokwenda. Nenda kaangalie skuta yoyote iliyozeeka hapa mjini, chini ya ufunguo kuna mchubuko. Rangi imekwisha. Mwenyewe anakwambia ni jua la pwani, jua gani linachubua sehemu moja tu wewe, ni hilo lichuma lako la kufungulia soda ulilopewa harusini!

Na uzito. Watu wanabeba mafunguo yani, ya nyumba, ya geti, ya kufuli la banda la kuku, ya stoo iliyobomoka zamani, vyote vimetundikwa kwenye swichi ya skuta vinalia kama kengele ya mbuzi. Mle ndani ya swichi kuna vidude vidogo vya shaba vinapanda na kushuka kulingana na meno ya ufunguo, ukivitingisha na mzigo huo kwenye mashimo yetu haya vinasagika, tundu linalegea, ikifika siku yake ufunguo unachomoka wenyewe njiani na injini inaendelea kuunguruma. Mnadhani natunga? Jirani yangu, simtaji maana anasoma huku, kafika Pongwe anashika pale hamna kitu, mafunguo yote yamebaki barabarani huko nyuma na skuta inaunguruma. Haina swichi ya kuzimia mkononi. Kanunua mikate inaunguruma, kapita kwa wakwe inaunguruma, kawasalimia akiwa juu yake anaogopa kushuka asije mtoto akaondoka nayo, wakwe mpaka leo wanasema kijana yule ana dharau hawezi hata kukaa anywe maji. Kumbe masikini anatafuta fundi wa kumchomolea waya wa plagi.

Hapo sijagusa habari ya siti. Siti ya skuta inajifunga yenyewe, ukiishusha tu paa! Pale soko la samaki la Deep Sea nimemuona mama kanunua changu wake wazuri, kafungua siti, kaweka samaki, kaweka na ufunguo ili ashike vizuri mtandio, kashusha siti. Ufunguo mtupu, hauna kiholda, hauna mkia, hauna lolote la kumkumbusha mtu. Na lile sanduku linakaa juu ya injini, lina joto lake. Mpaka fundi kafika toka Makorora nadhani wale changu walikuwa wanadai ndimu tu.

Halafu mtu anakwambia "si unachonga mwingine". Unachonga wapi? Skuta nyingi za sa hivi tundu lina kifuniko, na kinachokifungua ni kisumaku kilichofichwa pale kwenye kichwa cha ufunguo wenyewe. Mchonga funguo wetu wa kando ya barabara meno atakuchongea na tupa lake vizuri sana, namheshimu, ila sumaku hana. Unaishia kununua swichi nzima, na swichi ikibadilishwa na ya siti nayo haiendani tena, unatembea na funguo mbili za chombo kimoja. Piga hesabu hiyo halafu ndo uje uniambie habari ya elfu nane.

Maana ndio, nimetoa 8,000 kutengenezewa kiholda. Nasema bila kuona haya. Kuna fundi viatu maeneo ya soko la Mgandini, anachukua kipande cha ngozi kilichobaki kwenye makubazi, anakata umbo unalotaka, mie kanikatia kiskuta kabisa na vioo vyake viwili vya pembeni, anagonga jina lako kwa nyundo herufi moja moja, pembeni anashona kwa uzi wa katani uliopakwa nta, chini anakuachia mkia wa kamba urefu wa kidole cha kati. Kile hakigongi kitu kikachubuka, hakina uzito, na ule mkia nikifungua siti nauuma kwa meno. Niseme nini tena. Ukinikuta Usagara nimeuma kamba ujue nafungua siti, sijarukwa na akili.

Na hiyo katani, nyuzi za mkonge, nayo ina habari yake. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, kaagiza miche 1,000 ya mkonge toka Florida kule Marekani, ikapitia Ujerumani, ilipofika huku mizima ilikuwa 62. Sitini na mbili! Ikapandwa Kikogwe, Pangani hapo, na ndio ikazaa mashamba yote haya, na babu zetu wengine wakaja toka mikoa ya mbali kukata mkonge, wakaoa huku, tukapatikana sie. Halafu mjukuu wa mkata mkonge anabeba funguo zake kwenye plastiki iliyoletwa na meli na kamba imelala uani inafungia mbuzi.

Ila fundi mwenyewe msinielewe vibaya, kanitesa. "Njoo Jumamosi." Jumamosi ipi hakusema. Ukienda unamkuta, hakimbii, anakusalimia vizuri, anakuuliza watoto, kiholda chako kiko pale kimekatwa nusu kimewekewa bilauri ya chai juu. Na herufi anazitoza, kila herufi ina bei yake, kwa hiyo kina Ali na kina Isa wanapeta, wewe mwenye jina la Abdulrahmani ulilopewa kwa mapenzi na wazazi unajikuta unajadiliana na fundi viatu uitwe nani. Mie niliishia na jina la utani, silisemi hapa.

Vijana wengine wanaandikisha namba ya skuta. MC na tarakimu zake zote na herufi zake zote. Sasa ndugu yangu ukiuangusha ufunguo huo sokoni si umemwachia mwizi maelekezo? Anazunguka tu nje anasoma vibao mpaka anaikuta, anawasha, anakwenda. Andika utani, andika namba ya simu kama unataka kuletewa, ila namba ya chombo hapana, hata fundi nilimwambia awe anawakatalia, kasema yeye analipwa kwa herufi.

Basi siku nimekitoa kijiweni Barabara ya 12, kwenye kahawa, niliwekewa kikao. Mzee mmoja, wa heshima zake, kakishika kakigeuza kakinusa, kaniuliza, "Mwanangu, elfu nane?" Nkamwambia shikamoo tena mzee, ndio elfu nane. Kasema kwa elfu nane yeye angekula wali wa nazi na samaki na chenji ikabaki. Mwingine kadakia, kwa elfu nane angeweka bando la wiki. Huyo wa bando simu yake ina kava, kioo cha juu, na kibandiko cha timu ya Coastal Union, vyote kalipia, lakini kiholda cha ngozi ndo ufisadi. Nkanyamaza. Kahawa yenyewe siku ile nililipa mie.

Nyumbani nako. Mama watoto kakiangalia kasema kizuri, kisha kauliza taratibu, dera lile la Idi umesemaje? Nkaona hapa kiholda kinataka kuwa cha elfu thelathini.

Halafu shemeji yangu, kaka wa mama watoto. "Shemeji niazime skuta mara moja nafika Chumbageni." Mara moja ya yule bwana iliisha baada ya Isha, mafuta mshale umelala, sawa nimezoea, naupokea ufunguo naona chekundu. Plastiki! Nkamuuliza shem, kiholda kiko wapi? Kasema, "Aah kile kizuri, mtoto wa rafiki yangu alikililia nkamwachia, lakini usijali nimekuwekea hiki." Usijali! Jina langu limegongwa pale herufi kwa herufi, mtoto wa watu Chumbageni anaitwa jina langu la utani. Nalalamika ndani naambiwa, "Baba Zuhura jamani, kiholda tu, ndugu yangu huyo." Wakati ule wa bei kilikuwa si kiholda tu, kilikuwa wali wa nazi na dera.

Nimerudi kwa fundi kuagiza kingine, kaniambia njoo Jumamosi. Na pale kwenye benchi namkuta nani, yule mzee wangu wa kijiweni wa samaki na chenji, anatajiwa bei ya herufi anahesabu kwa vidole. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, naona na wewe. Kasema ndio, anataka chenye umbo la jahazi na jina lake lote mpaka la babu. Nkamwambia mzee, lakini wewe una baiskeli, na baiskeli yenyewe haina hata kufuli, kiholda utakiweka wapi?

"Weye lipa chako," kanijibu, "ufunguo ntautafuta."