Karatasi ya mlangoni kwanza, barua ya utovu wa nidhamu baadaye

Kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo cha timu moja ya kijiji huku Ujerumani, madaraja ya chini kabisa, kumebandikwa karatasi ya faini iliyofunikwa plastiki. Kuchelewa mazoezi: euro 1 kwa kila dakika, mwisho 10. Kutofika bila taarifa: 20. Simu kuita kocha akiongea: 5. Kadi ya njano ya kubishana na mwamuzi: 15. Kusahau vizibao nyumbani wakati ni zamu yako kufua: 10. Kocha akichelewa: mara mbili. Chini kuna sahihi za wachezaji wote na tarehe ya Julai. Hawa ni mafundi bomba, walimu na wanafunzi, wanacheza bila kulipwa. Mweka hazina ni beki wa kushoto aliyepigiwa kura na wenzake, na kila mwisho wa mwezi anasoma majina ya wadaiwa. Watu wanacheka, wanalipa.

Karatasi ile inanifurahisha kwa urahisi wake. Halafu inaniudhi, nikikumbuka klabu zetu za mabilioni kule Tanzania ambazo hazina kitu kama hicho.

Najua kinachokuja. "Huyu naye, tangu apande ndege hatupumui." Subirini kwanza. Sijasema Wajerumani wamezaliwa na nidhamu. Treni zao zinachelewa kuliko daladala za Mbagala siku ya mvua. Na Mbagala hiyohiyo ndiyo ya mshambuliaji Mbwana Samatta, aliyetua Genk Januari 2016 na mwaka 2019 akabeba Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika huko Ubelgiji. Hakubadilishiwa damu uwanja wa ndege, na kabla ya hapo alipikwa Lubumbashi, Kongo, pale kwenye klabu ya Mazembe, siyo Ulaya. Kwa hiyo hadithi ya "mchezaji wa Kibongo hafundishiki" mimi siinunui. Ninachouliza ni kimoja: kwa nini kwetu adhabu inatangulia na sheria inafuata?

Maana kwetu mchezaji anajua amekosa akifungua ukurasa wa klabu mtandaoni. Barua yenye nembo: amesimamishwa kwa muda usiojulikana kwa utovu wa nidhamu, suala limepelekwa kwenye kamati husika. Utovu upi? Kifungu kipi? Mpaka lini? Msemaji anapata kazi ya wiki nzima redioni, mashabiki wanagawanyika, na wakala wa mchezaji anaanza kupiga simu upande wa pili wa Kariakoo, kwa watani wa jadi. Wiki tatu baadaye inapigwa picha, mchezaji na kiongozi wameshikana mikono, yaliyopita si ndwele. Vijana waliopandishwa msimu huu wameona yote hayo. Wamejua kwamba adhabu ni jambo la kuelewana na mkubwa.

Linganisha na 31 Desemba 2022. Rashford wa Manchester United alipitiwa na usingizi, akachelewa kikao cha timu kabla ya mechi na Wolves, kocha Ten Hag akamwanzisha benchi. Baada ya mapumziko akaingia, akafunga bao pekee la mchezo. Adhabu ilikuwa na mwanzo na mwisho, dakika 45, na hakuna kamati iliyokaa.

Haya, kwa wanaotaka kufanya kazi badala ya kutukana.

Wakati wa kuandika ni wiki ya kwanza ya maandalizi, kabla ya mechi yoyote ya kirafiki. Ukisubiri ligi ianze, kila kifungu kitaonekana kimemlenga mtu. Kocha anatoa rasimu, kisha anatoka chumbani. Wachezaji wanachagua baraza la watu watano, wakiwemo nahodha, mkongwe na kijana, na kwa klabu zetu zinazosajili wageni hadi 12, lazima mgeni awepo. Nakala ziwe za Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, na saa ziandikwe kwa namna zote mbili, kwa sababu kuna "kiburi" ambacho ni mtu tu aliyeambiwa saa mbili akaja saa nane mchana.

Vifungu visizidi 15, kila kimoja kipimike. "Dharau" haipimiki. "Kuwa uwanjani, viatu vimefungwa, saa 2:00 kamili asubuhi" inapimika, ilimradi saa ni moja, ya ukutani, siyo ya kwenye simu ya meneja wa timu. Ugonjwa uripotiwe kwa daktari wa timu angalau dakika 90 kabla ya mazoezi, siyo kwa ujumbe wa saa 1:58. Msiba wa mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja: siku tatu bila swali. Zaidi ya hapo meneja azungumze na familia, maana sote tunamjua yule bibi aliyefariki mara nne tangu Agosti.

Kiasi ndipo wengi wanapoharibu. Orodha ya faini za Chelsea ya kocha Lampard ilipovuja Novemba 2019, watu walishangaa paundi 20,000 za kuchelewa mazoezi, kisha viongozi wetu wakatamani kuiga tarakimu. Cha kuiga kilikuwa chini yake: kuchelewa kikao kunatozwa kwa dakika, paundi 500 kila moja, na usipolipa ndani ya siku 14 deni linakuwa mara mbili. Kwetu usiandike shilingi, andika sehemu ya mshahara wa siku. Kuchelewa mazoezi, robo ya mshahara wa siku: anayelipwa milioni 3 kwa mwezi atatoa 25,000, wa milioni 15 atatoa 125,000, na wote wawili watasikia maumivu yaleyale. Ukiweka laki moja kwa kila mtu, kijana ataumia na staa ataacha noti mezani apitilize zake kulala. Tena kiwepo kikomo. Uingereza, mkataba wa kawaida wa mchezaji unakomea kwenye mshahara wa wiki mbili kwa kosa la kwanza, na klabu haivuki hapo bila chama cha wachezaji, PFA, kuridhia. Makosa matatu ndani ya mwezi yaache hela, yahamie kwenye kikosi: mechi inayofuata hachezi, awe nani awe nani. Machi 2021 kocha wa Arsenal, Arteta, alimweka benchi nahodha wake Aubameyang kwa kuchelewa, tena siku ya dabi na Tottenham. Arsenal ikashinda 2-1. Ingefungwa, uamuzi ungekuwa sahihi vilevile, ila najua kwetu kocha angefukuzwa kabla ya kufika kwenye basi.

Fedha zisiingie akaunti ya klabu. Ziende kwenye kasha la wachezaji, litoe rambirambi, limkumbuke mtunza vifaa na yule mama anayefua jezi. Klabu ikianza kunufaika na makosa, itayatafuta. Na kisheria msijidanganye: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasira zake. Lazima sheria iruhusu, au pawe na makubaliano ya pamoja, au amri ya mahakama, au mfanyakazi akubali kwa maandishi deni likatwe. Ndiyo maana sahihi ya Julai siyo pambo, na ndiyo maana SPUTANZA, chama cha wachezaji wa soka Tanzania, wangepaswa kuwa chumbani siku hiyo.

Sasa kifungu kinachoibeba karatasi ya kijijini ni kile cha kocha kulipa mara mbili. Hicho ndicho viongozi wetu hawatakiandika. Jaribuni hivi: mshahara tarehe fulani ya mwezi; posho ya ushindi ndani ya saa 72; mshahara ukichelewa zaidi ya siku 7, kasha linafungwa na hakuna anayetozwa faini mpaka fedha ziingie. FIFA wenyewe, kifungu cha 14bis cha kanuni za usajili, wanampa mchezaji asiyelipwa miezi miwili haki ya kutoa notisi ya siku 15 na kuvunja mkataba. Kwetu akiitoa notisi hiyo anaitwa msaliti, halafu klabu inashangaa barua ikija kutoka FIFA.

Mtaniambia, "Na Feisal je?" Sikusema mchezaji daima ana haki. Desemba 2022 Feisal Salum, kiungo wa Yanga wakati ule, aliweka milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akidhani amejinunua, TFF, shirikisho letu la soka, ikaamua bado ni wa Yanga, na mkataba ni mkataba. Lakini nani aliyemaliza sakata? Ilibidi Rais wa nchi aliseme Ikulu, na Juni 2023 kijana akaenda Azam. Ugali na sukari, ile kauli ya mama yake kuhusu chakula cha kijana huyo Yanga, tuliuchekea sana, ila hakuna aliyeuliza kama palikuwepo na njia ya ndani ya mchezaji kulalamika kabla mambo hayajafika kwa Mheshimiwa.

Na dabi ya Yanga na Simba ya 8 Machi 2025 mnataka niiseme? Timu mgeni, siku hiyo Simba, ina haki kikanuni ya kufanya mazoezi uwanjani siku moja kabla. Makomandoo, wale walinzi wa klabu, getini, mgeni anarudi kambini, mechi inaota mbawa mpaka 25 Juni. Klabu inayoshindwa kufungua geti, na klabu inayosema haichezi, kesho yake zote mbili zinamtoza winga wake faini ya dakika nne. Kwa uso upi?

"Basi rudi uje uongoze wewe." Jibu la kawaida hilo. "Huko wana hela." Timu ya kijiji haina hela, karatasi yake imegharimu wino. "Unatudharau." Nani? Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 dhidi ya USM Alger, ikashinda ugenini Algiers na kukosa kombe kwa bao la ugenini tu. Simba ikafika fainali ileile 2025. Nilizipigia kelele zote mbili, na kwa Mtanzania kulisema hilo hadharani ni ujasiri. Mpira tunao, tena mwingi. Ndiyo maana nakasirika kuona kiungo anaenda kuoa bila kocha kujua kwa sababu "alimpigia mwenyekiti". Kifungu cha kuzuia hilo ni mstari mmoja: ruhusa inatolewa na kocha au meneja wa timu kwa maandishi, na ruhusa ya kiongozi mwingine yeyote haihesabiki.

Msimu mwingine unakuja. Mkiandika karatasi hiyo, chini ya sahihi za wachezaji wekeni mstari mmoja wa mhasibu wa klabu, asaini tarehe ya mishahara. Akikataa, wachezaji nao wasisaini.